Kwa nini Mapinduzi ya Oktoba yaliadhimishwa mwezi Novemba?

Mpenda Historia:

Habari za jioni, wanajukwaa. Nina swali linalonirudia kila ninaposoma habari za Urusi. Vitabu husema kwamba Wabolsheviki, chama kilichoongozwa na Lenin, walitwaa madaraka mjini Petrograd, mji mkuu wa Urusi wakati huo, tarehe 25 Oktoba 1917, na ndiyo maana tunayaita Mapinduzi ya Oktoba. Lakini Umoja wa Kisovyeti uliadhimisha tukio hilohilo kila tarehe 7 Novemba. Vilevile, Mapinduzi ya Februari ya mwaka huohuo, yaliyomwondoa mfalme Nikolai II, baadhi ya waandishi husema yalianza 23 Februari na wengine husema 8 Machi. Katika matukio yote mawili tofauti ni siku 13, hivyo siwezi kuamini kwamba ni makosa ya uchapaji.

Naomba anayefahamu anieleze chanzo cha tofauti hii. Nimewahi kujibiwa kwamba Warusi walikuwa na kalenda yao, lakini jibu hilo halielezi kwa nini siku ziwe 13 na si 5 wala 30.

Mwalimu Mstaafu:

Ndugu Mpenda Historia, chanzo unachokitafuta kiko mbali sana na Petrograd. Kiko Roma, mwaka 46 kabla ya Kristo, Julius Caesar alipoamua kuiondoa kalenda ya zamani ya Warumi. Kalenda hiyo ilihitaji kuongezewa mwezi mara kwa mara ili ilingane na majira, na uamuzi wa lini mwezi huo uongezwe ulikuwa mikononi mwa makuhani, ambao mara nyingi walitazama zaidi ni nani angefaidika kisiasa iwapo mwaka ungerefuka au kufupika. Kwa ushauri wa Sosigenes, mtaalamu wa falaki kutoka Aleksandria, Caesar aliurefusha mwaka huo hadi siku 445 ili majira yarudi mahali pake, kisha kuanzia mwaka uliofuata akaweka mwaka wa siku 365, na kila mwaka wa nne ukapata siku moja zaidi.

Kwa hesabu hiyo, wastani wa mwaka ni siku 365 na robo kamili, ilhali mwaka wa jua wenyewe ni mfupi kuliko hapo kwa dakika 11 hivi. Hakuna mtu anayeweza kuhisi dakika 11 katika maisha yake, lakini zikikusanyika hutimiza siku nzima kila baada ya miaka 128 hivi, na Ulaya iliitumia kalenda ya Caesar kwa zaidi ya miaka 1,600.

Waliokuja kuumizwa zaidi na kosa hilo ni viongozi wa Kanisa, kwa sababu ya Pasaka. Tangu enzi za Mtaguso wa Nikea, mkutano wa maaskofu wa mwaka 325, tarehe 21 Machi ilichukuliwa kuwa siku ambayo mchana na usiku hulingana, na Pasaka ikawekwa Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa siku hiyo au wa baada yake. Kufikia karne ya 16, mlingano halisi wa mchana na usiku ulikuwa ukitokea 11 Machi, na Pasaka ilikuwa ikielea kuelekea majira ya joto. Ndipo Papa Gregori XIII akaidhinisha marekebisho yaliyobuniwa na tabibu Mwitalia Aloysius Lilius na kutetewa na Mjesuiti Christopher Clavius. Alhamisi ya tarehe 4 Oktoba 1582 ikafuatiwa na Ijumaa ya tarehe 15 Oktoba. Mtakatifu Teresa wa Avila alifariki usiku huohuo ulioziunganisha tarehe hizo mbili.

Kuna jambo ambalo waandishi wengi hulipita. Tangu Caesar hadi Gregori, kosa lilikuwa limefikia takriban siku 12 au 13, lakini siku zilizoondolewa ni 10 tu. Sababu ni kwamba Papa hakuwa na haja ya kurudi kwa Caesar, alitaka kurudi Nikea, na kati ya mwaka 325 na mwaka 1582 kuna miaka 1,257, ambayo ukiigawa kwa 128 utapata karibu 10.

Kuruka siku kuliponya kosa la nyuma. Ili lisijirudie, iliamuliwa kwamba miaka inayofunga karne, kama 1700, 1800 na 1900, isiwe na tarehe 29 Februari, isipokuwa ile inayogawanyika kwa 400, kama 1600 na 2000. Kwa kanuni hiyo, kosa la siku moja huhitaji zaidi ya miaka 3,000 kutokea. Binafsi naiona kuwa miongoni mwa kazi bora za akili ya binadamu katika karne ile, hasa ukikumbuka kwamba ilifanywa kabla ya kuwapo kwa darubini.

Tatizo ni kwamba amri ilitoka kwa Papa. Hispania, Ureno, Polandi na sehemu kubwa ya Italia zilitii mara moja, na Ufaransa ikafuata mwezi Desemba mwaka huohuo. Mataifa ya Waprotestanti hayakuwa tayari kupokea kitu chochote kutoka Roma, hata kiwe sahihi kiasi gani kwa hesabu. Majimbo ya Waprotestanti ya Ujerumani pamoja na Denmark yalisubiri hadi 1700, na Uingereza hadi 1752. Urusi, iliyokuwa ya Kiorthodoksi, ilisubiri hadi serikali ya Lenin ilipoamuru kwamba 31 Januari 1918 ifuatiwe na 14 Februari. Kwa hiyo mapinduzi yalifanyika Oktoba kwa watu waliokuwa Petrograd, na Novemba kwa mtu aliyekuwa akisoma habari zake Paris. Utawala mpya uliendelea kulitumia jina la zamani, huku ukisherehekea kwa tarehe mpya.

Kuhusu ile tarehe ya 8 Machi uliyoitaja, ni Siku ya Kimataifa ya Wanawake. Mapinduzi ya Februari yalianza kwa wanawake wa Petrograd walioandamana siku hiyo wakidai mkate, na kwao kalenda ilisoma 23 Februari.

Karani wa Zamani:

Ahsante, Mwalimu, kwa maelezo yaliyoshiba. Ningependa kuongeza upande wa fedha, kwa kuwa watu wengi hujiuliza mshahara na kodi za nyumba zilihesabiwaje katika mwezi uliopoteza siku 11.

Nchini Uingereza, Jumatano ya 2 Septemba 1752 ilifuatiwa na Alhamisi ya 14 Septemba. Bunge lilikuwa limelifikiria suala hili mapema, kwani sheria yenyewe ilielekeza kwamba madeni, pango na mikataba iliyokuwapo ikamilike baada ya idadi ileile ya siku halisi, bila kujali kalenda inasomaje. Mpangaji aliyepaswa kulipa 25 Machi, siku ambayo kwa desturi ilikuwa ya kufunga hesabu, akawa analipa 5 Aprili. Hadi leo mwaka wa kodi ya mapato wa Uingereza huishia 5 Aprili, na mizizi yake iko hapo. Sheria hiyohiyo iliuhamisha mwanzo wa mwaka kutoka 25 Machi hadi 1 Januari, kwa hiyo mwaka 1751 wa kisheria nchini Uingereza ulianza Machi na kuishia Desemba, ukiwa na siku 282 tu.

Mara nyingi husimuliwa kwamba wananchi walifanya ghasia mitaani wakidai warudishiwe siku zao 11. Wanahistoria waliochunguza jambo hili hawakupata ushahidi wa kutosha wa ghasia hizo, na inaelekea simulizi imetokana kwa sehemu kubwa na mchoro wa William Hogarth wa mwaka 1755, unaoonyesha karamu ya uchaguzi yenye bango la madai hayo. Manung'uniko yalikuwapo, hasa kuhusu sikukuu za dini kubadilishiwa siku, lakini kuwaita watu wale wajinga walioamini kwamba maisha yao yamefupishwa ni kuwaonea.

Waliopata taabu kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni Waswidi. Wao waliamua kuondoa siku moja moja kwa kufuta 29 Februari kuanzia mwaka 1700, hadi tofauti yote iishe baada ya miaka 40. Waliifuta ya mwaka 1700, kisha wakiwa katikati ya vita na Urusi hawakuzifuta za 1704 na 1708, na kwa muda huo wote kalenda yao haikulingana na ya taifa jingine lolote. Mwaka 1712, kwa uamuzi wa mfalme Karl XII, walirudi kwenye kalenda ya Caesar, na ili kuirudisha siku iliyofutwa, mwezi Februari wa mwaka huo ukapewa tarehe 30. Kalenda ya Gregori waliipokea hatimaye mwaka 1753.

Binti Makunduchi:

Shikamoo Mwalimu, na wengine nawasalimu kwa heshima. Mfano wa mwaka usiorekebishwa kabisa tunao kwetu pwani. Mwaka wa Nairuzi, ambao sisi wa Makunduchi tunausherehekea kwa Mwaka Kogwa, ni mwaka wa jua wenye siku 365, usio na siku ya nyongeza katika mwaka wa nne. Manahodha na wakulima wa zamani walizihesabu siku zake kwa miongo, yaani kumi kumi, miongo 36 na siku 5 za kumalizia, na kwa hesabu hiyo walijua lini kusi itaanza kuvuma na lini kaskazi. Mwaka wa Kiislamu, wenye siku 354 au 355, haukuweza kuwapa jambo hilo, kwa kuwa Ramadhani huzunguka majira yote.

Kwa kuwa Nairuzi haina siku ya nyongeza, husogea nyuma siku moja katika kila miaka minne ikilinganishwa na kalenda ya kawaida. Sasa huangukia mwezi Julai, lakini zamani ilikuwa mbele zaidi katika mwaka. Nadhani wazee wetu waliliona hilo vizuri, kwani asiyejua upepo umehama asingefika Zanzibar salama.

Mpenda Historia:

Nawashukuru nyote. Limebaki jambo moja. Lenin mwenyewe huandikwa kwamba alizaliwa 10 Aprili 1870 kwa kalenda ya zamani, na 22 Aprili kwa mpya. Hapo tofauti ni siku 12, si 13. Inawezekanaje, ilhali nchi ni ileile na kalenda ni zilezile?

Mwalimu Mstaafu:

Umeuliza pale panapostahili. Tofauti kati ya kalenda hizi mbili huongezeka katika kila mwaka unaofunga karne ambao Gregori aliunyima 29 Februari na Caesar akaupa. Ilikuwa siku 10 hadi Februari 1700, ikawa 11 hadi 1800, ikawa 12 hadi 1900, na tangu hapo ni 13. Lenin alizaliwa kabla ya Februari 1900, na mapinduzi yalifanyika baada yake. Mwaka 2000 haukuongeza kitu, kwa sababu unagawanyika kwa 400 na kalenda zote mbili ziliupa siku 366.

Kwa anayesoma vyanzo vya Kirusi vya karne ya 19, basi, ni lazima aongeze 12, na kwa vile vya kati ya Machi 1900 na Januari 1918 aongeze 13. Kanisa la Kiorthodoksi la Urusi halikuifuata amri ya 1918, na ndiyo maana Krismasi yake, ambayo kwa kalenda ya Caesar ni 25 Desemba, husherehekewa 7 Januari. Mwezi Machi mwaka 2100 tofauti itakuwa siku 14, na kama Kanisa hilo litakuwa bado linaitumia kalenda hiyo, Krismasi yake itaangukia 8 Januari kuanzia mwaka 2101.