Naombeni ushauri: watoa mada wa Jumamosi maktabani, Dodoma

Habari zenu wakuu. Tunaandaa vipindi vya jamii maktabani hapa Dodoma mjini: Jumamosi saa 4 asubuhi, mada dakika 40, maswali dakika 20. Kwa mada ya kilimo cha zabibu tunajua pa kubisha hodi, TARI Makutupora (kituo cha utafiti wa kilimo). Kwa afya na sheria ndiyo shida. Barua ya mwaliko inakaa masjala wiki kadhaa, kisha anatumwa mtu na slaidi za semina, watu wanasinzia. Tunataka anayekuja na kitu cha kushika: mkasi wa kupogolea, kipimo cha presha, mkataba wa kiwanja usomwe kifungu kwa kifungu. Mnawapataje wa hivyo kwa nauli tu, bila posho? Na msimu wa mvua na kulima, Desemba hadi Machi, mnaweka mada gani?