Kubana video: tuendelee na miraba au tufuate umbo la kitu?

Wakuu, msimamo wangu nautoa mapema: umbo la kitu lirudi kwenye viwango vya kubana video.

Juzi nilikuwa kwenye simu ya video na mama mdogo. Mtandao ulipolegea, pindo la kanga yake likamong'onyoka vigae vigae, bega likawa ngazi. Picha hukatwa miraba, na mraba ukiangukia ukingoni mwa bega unabeba vitu viwili, kanga inayosogea na ukuta uliotulia. Hapo ndipo biti, yaani data ya kutuma, zinapoliwa.

MPEG-4, kiwango cha kubana video cha mwaka 1999, iliruhusu kila kitu kiwe na ramani ya umbo lake, iliyogawanywa miraba ya pikseli 16 kwa 16. Mraba ulio ndani kabisa au nje kabisa hauna maneno mengi. Wa ukingoni ndio unaoandikwa pikseli kwa pikseli, kila moja ikikisiwa kutokana na jirani zake. Mandhari nayo iliweza kutumwa mara moja tu. Lakini zile deki za DVD zenye nembo ya DivX zilicheza MPEG-4 isiyo na maumbo, na H.264, kiwango kilichofuata cha 2003, ikayaacha kabisa.

Mchangiaji wa pili: Mkuu, napinga. Nani angechora mpaka wa kila kitu? Studio yenye kitambaa cha kijani iliweza, harusini haiwezekani. Na mpaka wenyewe unakula biti: jaribu kuandika ukingo wa makuti ya mnazi yanayopigwa na upepo! Ukuta uliotulia tayari mraba wake unarukwa, yaani hautumwi upya, gharama yake ni ndogo mno. VVC, kiwango cha 2020, imepata njia ya kati: mraba unapasuliwa kwa mstari ulionyooka, unachagua mmoja kati ya 64 na kutaja namba yake. Inatosha.

Mwanzisha mada: Kwa makuti nimekubali. Ila bega si mstari ulionyooka, na ukuta unaorukwa si ule uliokuwa umefichwa nyuma ya bega. Huo ukifunuka mara nyingi unatumwa upya. Halafu swali la nani achore limepata jibu: simu inayotia ukungu nyuma ya mtu imeshamtenganisha na mandhari, papo hapo, fremu kwa fremu. Mpaka upo mkononi, tunautupa, tunarudi kukata miraba. Wanaoandika programu za simu za video waniambie: mkiwa na mpaka huo tayari, kinachowazuia kuutuma ni biti zake, au ni chipu zilizozoea miraba?