Dubai–Guangzhou: mbona kwenda masaa 11, kurudi masaa 4?

MzigoKariakoo
Wakuu, habari. Napanga Dar–Dubai–Guangzhou kufuata mzigo. Umbali wa Dubai–Guangzhou tovuti moja inaandika 5,840, nyingine 3,630, nyingine 3,150. Nishike upi? Halafu ratiba niliyopewa: kwenda 10:30 hadi 21:45, kurudi 00:15 hadi 04:35. Njia ni ileile, sasa inakuwaje?

Nyuzi27
Umbali ni mmoja, vipimo ndivyo vitatu. 5,840 ni kilomita, 3,630 ni maili za barabarani (moja ni km 1.609), 3,150 ni maili za baharini (km 1.852), ambazo ndizo za marubani.

Masaa sasa. Guangzhou iko mbele ya Dubai kwa masaa 4, na tiketi huandika saa ya mji husika. Kwenda: 21:45 ya Guangzhou ni 17:45 ya Dubai, kwa hiyo angani na kwenye lami ni 7:15. Kurudi: 04:35 ya Dubai ni 08:35 ya Guangzhou, yaani 8:20.

Mtabiri_wa_Pwani
Hiyo saa moja na ushee inayobaki ni upepo. Huko juu, kilomita 10 hivi, upepo mkali hutoka magharibi kwenda mashariki, na wakati wa baridi ya kaskazini (Desemba hadi Februari) huzidi. Ndege ya mwendo wa km 900 kwa saa ikisukumwa na upepo wa 100, ardhini inakata 1,000; ikirudi inabaki na 800. Gawanya 5,840 kwa kila moja: 5:50 dhidi ya 7:18. Ongeza kupaa, kushuka, foleni ya kuruka na kujongea hadi getini.

Mnaojiuliza mbona ndege inapinda kaskazini: vuta uzi juu ya tufe, si ramani ya ukutani. Dubai iko nyuzi 25 kaskazini mwa ikweta, Guangzhou 23, lakini uzi utapanda hadi kama 27, karibu na kusini mwa Nepal. Zaidi ya hapo marubani hawapendi. Hewa ya ndani ikivuja ghafla, ndege inatakiwa ishuke hadi mita 3,000 hivi ili watu wapumue, na uwanda wa Tibet wenyewe una wastani wa zaidi ya 4,500. Utashukia wapi?

Nyuzi27
Mkuu, angalizo kwenye hiyo 00:15. Ni saa sita na robo usiku. Tiketi ikiandika tarehe 12, unaenda uwanjani tarehe 11 jioni. Ukienda jioni ya tarehe 12, ndege imeondoka tangu usiku uliopita. Hapa ndipo watu wengi hupoteza tiketi.

MzigoKariakoo
Shukrani. Na nikikata Dar–Dubai peke yake, Dubai–Guangzhou peke yake? Naona ni nafuu.

Mtabiri_wa_Pwani
Nafuu mpaka ndege ya kwanza ichelewe. Tiketi zikiwa mbili, kwa kawaida ya pili haikungoji wala haikuombi radhi. Begi nalo huenda likaishia Dubai: ukalichukue nje ya uhamiaji, kwa hiyo uwe na viza ya Emirati, kisha ulipime upya kwa kilo za kampuni ya pili. Ukiamua hivyo hivyo, acha masaa 6 katikati, na kumbuka Dubai iko mbele ya Dar kwa saa 1.