Kupanga makundi ya vipengele katika ripoti ya manunuzi (Excel)

Stoki_Kamalondo
Jambo wote. Ni depo ya vifaa vya ujenzi, Lubumbashi. Faili ya manunuzi ina tarehe, namba ya faktire, msambazaji, bidhaa, njia (mpaka wa Kasumbalesa ao mjini), sarafu, kiasi. Patron anataka makundi: saruji na chuma, rangi, mabomba, kila moja kwa njia na kwa mwezi. Nikiunganisha majina kwa «Grouper» ndani ya tableau croisé (jedwali la muhtasari la Excel), bidhaa mpya inabaki nje ya kundi. Miezi nayo Excel inakataa kuipanga.

Hesabu_Lshi
Usipange makundi kwenye tableau, yapange kwenye data. Fungua ukurasa uitwao Ramani: safu A bidhaa, safu B kundi. Kisha kwenye manunuzi (bidhaa ikiwa D, njia ikiwa E), andika hii kwenye safu I, ndiyo itakuwa kundi; RECHERCHEX inatafuta bidhaa kwenye Ramani, SUPPRESPACE inaondoa nafasi za ziada:

=RECHERCHEX(SUPPRESPACE(D2);Ramani!A:A;Ramani!B:B;"HAIJAPANGWA")

Hilo neno la mwisho ndilo la maana. Bidhaa mpya ikiingia, HAIJAPANGWA inatokea na kiasi chake. Unaongeza mstari mmoja kwenye Ramani, basi. Excel ya zamani haina RECHERCHEX: tumia RECHERCHEV yenye FAUX mwishoni, ndani ya SIERREUR.

Kama patron anasoma kundi na njia kama kitu kimoja, ongeza safu =I2&" | "&E2 na uweke hiyo peke yake kwenye mistari (Lignes) ya tableau. Mwezi uende kwenye nguzo (Colonnes).

Miezi inakataa kwa sababu kuna tarehe zilizoandikwa kama maneno, ao seli tupu. Chagua safu, Données > Convertir, hatua ya 3 chagua Date JMA (siku, mwezi, mwaka). Ukiacha MJA (mwezi kwanza), 05/03 itakuwa tarehe 3 Mei, na hakuna kitakachokuonya.

Mama_Kontabu
Kabla ya hayo yote: franka na dola zisijumlishwe pamoja. Weka safu ya kiwango cha kubadilisha pesa cha siku ya faktire kwenye kila mstari, halafu safu ya dola. Kiwango kikikaa kwenye seli moja tu, ukikibadilisha Juni, ripoti ya Machi nayo inabadilika.

Na kuhesabu faktire: faktire moja yenye saruji na rangi inahesabiwa katika makundi mawili. Jumla ya makundi itazidi idadi halisi, hata kama kila kundi ni sahihi. Mwambie patron mapema. Pesa hazina shida hiyo, maana kila mstari una kundi moja.

Stoki_Kamalondo
Aksanti mama, aksanti yaya. Ramani inafanya kazi, ila «Saruji 50 kg» iko kwenye Ramani na bado inatoa HAIJAPANGWA.

Hesabu_Lshi
Ni nafasi isiyokatika (espace insécable: inaonekana kama nafasi ya kawaida, kumbe ni alama nyingine), ya kunakili kutoka PDF ao barua pepe. SUPPRESPACE haiigusi. Andika SUPPRESPACE(SUBSTITUE(D2;CAR(160);" ")) na usafishe safu A ya Ramani vilevile.