Klabu na viwanja vya michezo Kampala: kundi la watu 14 tuanzie wapi?

MgeniNtinda
Habari zenu wadau. Tuko watu 14 katika ofisi moja hapa Ntinda, tunataka mazoezi ya kudumu, siku mbili kwa wiki baada ya kazi. Tunatoka saa kumi na moja jioni. Saba wanataka soka, wanne mpira wa kikapu (watatu kati yao akina dada), watatu ndondi. Tuna pia watoto sita wa miaka 8 hadi 12 ambao wazazi wanataka wajifunze kuogelea Jumamosi. Kila tunayemuuliza anatuambia "nendeni Lugogo" au "nendeni Namboole" (uwanja wa taifa), basi. Naomba wanaojua watueleze nini kiko wapi, tukague nini kabla ya kulipa, na tununue vifaa gani kwanza.

WingaNakawa
Karibu, ndugu. Lugogo si uwanja mmoja. Kuna ukumbi wa ndani unaotumika kwa kikapu, ndondi na badminton. Kuna viwanja vya tenisi. Kuna uwanja wa kriketi. Kuna uwanja wa KCCA FC wenye jina la Phillip Omondi, mshambuliaji wa kikosi cha Cranes, timu ya taifa ya soka ya Uganda, kilichofika fainali ya Afrika mwaka 1978. Raga nayo ina makao mawili eneo hilohilo: Heathens wako Kyadondo, Kobs wako Legends. Vyote hivyo unavizunguka kwa miguu, kwa hiyo mtu akikwambia "tukutane Lugogo", muulize lango gani.

Nyinyi wa soka msikodi uwanja mzima. Tafuteni kiwanja kidogo cha nyasi bandia cha watano kwa watano, kama mita 40 kwa 20. Saba hamtoshi. Ongezeni watano mfike kumi na wawili, ndipo wawili wakikosa mechi bado inachezeka. Viwanja hivi hutozwa kwa saa wala si kwa kichwa, na saa huanza muda mliopangiwa, hata kama nusu yenu bado mmekwama kwenye foleni ya magari.

Huku kwetu karibu na ikweta giza huingia karibu saa moja jioni mwaka mzima. Mkichukua saa kumi na moja na nusu hadi kumi na mbili na nusu, hamtegemei taa. Mkichukua ya baada ya hapo, ulizeni: umeme ukikatika, jenereta inawasha taa zote au za upande mmoja? Na saa yetu inasimamishwa?

Kabla ya kulipa, ingia kiwanjani mchana, upige goti mbele ya goli. Penyeza vidole kati ya nyasi. Unatakiwa ukute punje nyeusi za mpira na mchanga vimejaa, huku ncha za nyasi zimesimama juu yake. Kisha fanya vivyo hivyo katikati ya uwanja na ulinganishe. Mbele ya goli ndipo panapochakaa kwanza: punje hutawanywa na miguu, nyasi zinalala, mguu unakuwa kama unatua kwenye saruji iliyofunikwa zulia. Magoti na vifundo vinaumia hapo. Mwenye kiwanja anayejali husugua kwa brashi na kurudishia punje mara kwa mara. Angalia pia maungio ya mazulia, hasa kwenye mistari meupe. Ukiweza kuingiza kidole chini ya ukingo, ipo siku njumu ya mtu itanasa pale.

Vaeni njumu za meno mengi mafupi ya mpira au plastiki. Meno marefu, hasa ya chuma, hushika nyasi bandia barabara: mwili unageuka, mguu unabaki, goti linajipinda. Ukiteleza ukachubuka, osha kwa sabuni na maji siku hiyohiyo. Uchafu na punje zikibaki ndani, kidonda huchelewa kupona.

Rebaundi256
Kwa wa kikapu: YMCA Wandegeya ina viwanja vya nje ambavyo vimechezewa hadi mechi za ligi. Ila kutoka Ntinda jioni ni kuvuka mji, kwa hiyo kagueni kwanza viwanja vya shule na makanisa ya upande wenu. Nendeni na futi ya fundi. Kikapu kiwe mita 3.05 kutoka chini hadi kwenye pete. Vingi vya shule vimeshuka kwa sababu watoto hujining'iniza, na mkizoea kile cha chini, mkono utakosea siku ya mechi. Uwanja kamili ni mita 28 kwa 15, lakini kwa wanne nusu uwanja inawatosha sana.

Mpira wa nje uwe wa raba. Wa ngozi unaochezewa kwenye sakafu ya mbao, saruji itauchuna upesi. Kipimo cha wanaume ni namba 7, cha wanawake namba 6. Akina dada wasikubali kupewa namba 7 kwa kuwa ndio uliopo. Mvua ikipita, msicheze mpaka saruji ikauke kabisa. Vumbi jekundu likilowa juu ya saruji laini linateleza kuliko maji matupu.

KonaNyekundu
Hawa watatu wa ndondi msiwapeleke kwenye ukumbi wa kioo wenye mashine na muziki. Naguru na Katwe kuna klabu za kweli, na msikatishwe tamaa na paa la mabati au mfuko wa kupigia uliotiwa viraka. Nchi hii ilileta medali ya fedha ya Leo Rwabwogo kutoka Munich 1972 na ya John Mugabi kutoka Moscow 1980. Ujuzi huo ulipita mikononi mwa makocha. Mashine hazikuwa na kazi yoyote hapo.

Angalieni kocha anavyompokea mgeni. Wiki za kwanza ni kamba, miguu, na ngumi ya mkono wa mbele, basi. Akikuingiza ulingoni kupambana siku ya kwanza, ondoka.

Nunueni bendeji kabla ya glavu, za mita 4.5 kwa kila mkono. Tanua vidole unapofunga, kwa sababu ukifunga mkono ukiwa umelegea, ukikunja ngumi bendeji itabana na vidole vitakufa ganzi. Anza na kitanzi cha dole gumba, zungusha kifundo cha mkono mara tatu, panda kwenye vifundo vya vidole mara tatu, pita katikati ya kila kidole, rudi ufunge dole gumba, malizia kifundoni. Wanaoanza humalizia bendeji yote kwenye vidole na kuacha kifundo kitupu, na hicho ndicho kinachoteguka ukipiga mfuko vibaya. Glavu za mfuko aunsi 12 zinatosha. Za kupambana ni aunsi 16, na kinga ya meno usiazime ya mtu.

MkimbiajiKololo
Namboole msiifute, ila msiende kwa Jinja Road jioni. Magari yote ya Kireka na Bweyogerere yanatoka mjini saa hiyo. Pandeni Kiwatule au Naalya, mshike Northern Bypass, inawatoa Bweyogerere karibu na uwanja. Uwanja huo, uliofunguliwa 1997 na kutengenezwa upya kabla ya CHAN (mashindano ya soka ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani) ya Agosti 2025, una njia nane za kukimbilia. Ombeni idhini kwa uongozi kabla, na wiki za mechi za Cranes au raga ya Afrika msitegemee kuingia.

Mkiruhusiwa, njia ya ndani waachieni wenye kasi. Lakini hesabuni vizuri: mzunguko wa njia ya kwanza ni mita 400, wa njia ya nane ni kama 453. Mizunguko kumi ya nje ni zaidi ya kilomita nne na nusu. Watu hudhani wamechoka bure.

MgeniNtinda
Asanteni sana, hii ya bypass imetuokoa. Bado bwawa la watoto. Kuna mwenzetu anapendekeza ufuo wa ziwa kwa kuwa ni bei nafuu.

MamaBwawa
Ziwani hapana, dada au kaka. Ziwa Victoria lina kichocho, na vimelea vyake huingia kupitia ngozi mtoto akisimama tu kwenye maji ya ukingoni. Huhitaji hata kuyameza. Wanaokwenda kwa mashua za tanga upande wa Kaazi wana mambo yao, mtoto anayejifunza aende bwawani.

Mabwawa mengi Kampala ni ya hoteli na shule. La hoteli lenye umbo la figo linafaa kuburudika, kufundishia halifai. Tafuteni la mstatili la mita 25, lenye upande ambao mtoto wa miaka 8 anasimama maji yakimfika kifuani. Fikeni asubuhi kabla watu hawajaingia, msimame upande wa kina kirefu. Kama hamuoni wazi tundu la kutolea maji lililo chini, msiingize mtoto, kwa sababu hata mwokoaji hatamwona aliyezama. Harufu kali ya klorini inayochoma macho watu huiona ni dalili ya usafi. Mara nyingi ni klorini iliyochoka baada ya kukutana na jasho na mkojo, yaani haitoshi. Ombeni daftari la vipimo: klorini kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita, pH (kipimo cha uasidi wa maji) kati ya 7.2 na 7.8. Bwawa linalotunzwa vizuri huwa na daftari hilo, na halifichwi.

Kwa watoto sita ambao hawajui kabisa, mtake walimu wawili, mmoja awe ndani ya maji muda wote, na mwokoaji awe mtu wa tatu asiyefundisha. Mwalimu anayefundisha kutoka ukingoni akiwa na simu mkononi msimlipe. Miwani ya maji ni muhimu kuliko boya la mkononi. Mtoto akiona chini, anaacha kuogopa, na ukimvisha boya anajifunza kusimama wima majini badala ya kulala. Na mkubaliane mapema kuhusu radi: kuanzia Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba somo la alasiri litakatizwa mara nyingi, kwa hiyo chukueni saa tatu asubuhi.