MJADALA: Moto ukiwashwa kwa ajili ya kamera, filamu bado ni ya kweli?

Wakuu, habari za jioni.

Kuna hoja inarudi kila tukizungumzia dokumentari, kwamba zile filamu ambazo serikali ya Uingereza ilizitoa wakati wa Vita Kuu ya Pili ni maigizo matupu, hazistahili hata jina la dokumentari, sembuse kuoneshwa wanafunzi wa historia. Mfano unaotolewa ni Fires Were Started ya mwaka 1943. Moto unaouona mle haukuletwa na ndege za Wajerumani. Watengenezaji waliuwasha wenyewe mwaka 1942, kwenye maghala ya bandari ya London yaliyokuwa yameshabaki magofu. Hilo ni kweli, sibishi. Ninachobisha ni hukumu inayotolewa baada ya hapo.

Kazi yangu ni kupiga video: harusi, misiba, kipaimara. Mara ngapi nimemwambia bibi harusi, "Dada samahani, rudi kidogo uingie tena," kwa kuwa taa haikuwa tayari? Anarudi, anaingia, mama yake anafuta machozi upya. Harusi ilikuwepo, mlango ni uleule, na mama ni yuleyule. Sikubali kwamba hapo nimemdanganya mtu.

Humphrey Jennings, aliyeiongoza filamu ile, alifanya jambo la namna hiyo. Hakuajiri waigizaji. Aliwachukua wazima moto wenyewe wa London, watu walioijua ile kazi tangu Septemba 7, 1940, mabomu yalipoanza kuuangukia mji huo kwa usiku 57 mfululizo. Wengi walikuwa raia wa kikosi cha msaada, na miezi ya mwanzo ya vita, kabla mabomu hayajaja, walisemwa mitaani kwamba wamejificha zimamoto kukwepa jeshi. Tazameni kile kipande kabla ya king'ora. Mgeni wa kikosi anapiga kinanda, wenzake wanaingia chumbani mmojammoja, na wimbo wanaouimba ni wa kuhesabu watu, kwa hiyo hesabu inapanda kadiri wanavyoingia. Huyo mgeni ni William Sansom, mwandishi wa matangazo ya biashara aliyekuwa mzima moto kwelikweli. Baadaye Jacko, mzima moto mwenye kiduka, anamteremsha mkubwa wake aliyeumia kutoka juu ya ghala, kisha yeye mwenyewe hateremki. Mwishoni wenzake wamebeba jeneza, na meli ya silaha waliyoiokoa inaondoka gatini. Mikono ile iliyoshika mipira ya maji ilikuwa imezoea kuishika. Kwangu huo ni ushahidi, hata kama kiberiti kilikuwa cha watu wa kamera.

Sasa chukueni filamu nyingine ambayo wengi wanaiamini zaidi, Target for Tonight ya mwaka 1941, inayoonesha ndege ya Uingereza ikienda usiku kupiga mabomu Ujerumani. Humo marubani ni marubani kweli. Sehemu ya ndani ya ndege ilijengwa studio, na hilo halinisumbui. Linalonisumbua ni kwamba bomu linapiga bohari la mafuta palepale lilipolengwa. Agosti mwaka huohuo serikali ilipata ripoti ya siri, inaitwa Ripoti ya Butt, iliyolinganisha picha zilizopigwa usiku na maelezo ya marubani. Katika ndege zilizodaiwa kuufikia mlengo, moja tu kati ya tatu ilikuwa imefika hata ndani ya maili tano, yaani kilomita 8. Simwiti aliyeitengeneza mwongo. Naamini naye aliamini. Lakini mkitafuta filamu iliyompotosha mtazamaji, ni hii, wala si ile ya moto wa kuwashwa.

Halafu kuna lile ambalo kamera haikupelekwa kabisa. Machi 3, 1943, katika kituo cha treni cha Bethnal Green, mashariki mwa London, watu walikuwa wakikimbilia chini kujificha. Ngazi zile zilikuwa 19, zimelowa mvua, na taa ni moja hafifu. Mtu akaanguka, waliokuwa nyuma wakamwangukia. Walikufa 173, wakiwemo watoto 62, na hakuna bomu hata moja lililoanguka pale. Ripoti ya uchunguzi ilizuiwa isichapishwe mpaka 1945. Misibani huwa naambiwa, "Kaka, hapa zima kamera," pale ndugu wanapoanza kugombana, na huwa nazima. Najua maana ya kuzima. Nikikabidhi video ile, kila chozi lililomo ni la kweli, lakini msiba wenyewe haumo wote.

Wizara ya Habari ya Uingereza, ndiyo iliyokuwa na Crown Film Unit, kitengo kilichotengeneza filamu hizi, ilijua sana kuzima. Mwanzoni serikali haikutaka watu walale kwenye vituo vya chini ya ardhi. Watu wa mashariki mwa London wakanunua tiketi, wakashuka, wakakataa kutoka. Septemba hiyohiyo ya 1940 kundi lao likiongozwa na Phil Piratin, mkomunisti, liliingia hoteli ya Savoy kudai handaki kama la matajiri. Kwenye filamu za serikali utaona uvumilivu wao tu, hasira yao hutaiona. Ndiyo maana nasema mwaka 1945, watu walipomwondoa Churchill na kukipa chama cha Labour kura, filamu zile peke yake haziwezi kukueleza kwa nini.

NYONGEZA: Mdau ameuliza hapa chini sisi tunahusika wapi. Tunahusika sana, mkuu. Wizara hiyohiyo mwaka 1939 iliunda kitengo cha filamu kwa ajili ya makoloni, chini ya William Sellers. Magari ya sinema yalipita vijijini na mkalimani mwenye kipaza sauti. Sellers aliamini Mwafrika hawezi kufuata picha zinazobadilika haraka, kwa hiyo filamu zetu zilikwenda polepole, jambo moja moja, kama unamfundisha mtoto kufunga kamba. Mwaka 1942 Jennings na mhariri wake Stewart McAllister walitoa Listen to Britain: dakika 20 hivi zisizo na msimulizi, wafanyakazi wanaimba na wachekeshaji wao kantini, mara mpiga kinanda Myra Hess anapokea na muziki wa Mozart, na malkia amekaa kati ya wasikilizaji. Watazamaji wa Uingereza waliachiwa waunganishe picha wenyewe. Vijana wetu wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) walikuwa wakielekea Burma kupigana vita hivyohivyo, huku nyumbani wazazi wao wakihesabiwa kwamba picha mbili zikifuatana haraka zitawashinda. Hilo linaniuma kuliko moto wa kuwashwa.

Walimu wa historia mliopo, naomba mseme: mkiwaonesha wanafunzi Fires Were Started, mtawatajia Bethnal Green kabla ya filamu, au baada?