Macho ya vijana wa weldingi: kioo namba ngapi, na chuma kikiingia?

GetiImara:
Wakuu habarini. Karakana ya mageti na grili, vijana wanne. Wanachomelea kwa miwani ya jua, usiku macho yanawawasha kama yamemwagiwa mchanga, wanaweka maziwa au viazi. Ninunue nini hasa, na hospitali ni wakati gani?

Mboni:
Mkuu, hiyo miwani ya jua iondoe leo. Haizuii mwanga wa weldingi na pembeni iko wazi. Kwa ampea 80 hadi 130 chukua helmeti ya kioo namba 11. Chini ya 80, namba 10 inatosha. Kile kioo cheupe cha mbele kibadilishe kikijaa matone ya chuma, maana fundi asiyeona mstari wake huinua helmeti kuchungulia, na hapo ndipo anapoungua. Anayeshika bomba naye apewe helmeti. Hata asipotazama moto, mwanga unamfikia kwa pembeni na kwa kuruka kwenye mabati.

Maumivu ya usiku ni konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, kuungua. Huanza baada ya muda wa saa 6 hadi 12, hupoa siku 1 hadi 2. Chumba cha giza, kitambaa cha maji baridi juu ya kope zilizofumbwa, parasetamoli. Maziwa na viazi vinapeleka vijidudu kwenye kidonda. Matone ya ganzi ya kujinunulia nayo marufuku: yanaficha maumivu huku kidonda kikigoma kufunga.

NesiMacho:
Yakiuma yote mawili sawasawa, shuku mwanga. Likiuma moja, shuku chuma, aende hospitali siku hiyohiyo. Kichembe cha grainda kikinasa huanza kutoa kutu baada ya saa chache, kikiacha pete ya kahawia kama ya msumari kwenye ukuta wenye unyevu. Kisichokolewe kwa leso wala njiti ya kiberiti.

Patasi:
Helmeti ikiinuliwa ili kugonga magamba yanayobaki juu ya weldingi, macho yako wazi. Kwa hiyo miwani myeupe ya polikaboneti (plastiki ngumu), iliyoziba pembeni, ivaliwe chini ya helmeti kutwa nzima. Na mtu asitoe kinga ya grainda ndogo ili aingize diski kubwa! Diski ya milimita 230 mwisho wake ni mizunguko 6,600 kwa dakika. Grainda ya 115 inakwenda kama 11,000. Diski inapasuka.

GetiImara:
Na kama kipande kimeruka kwenye patasi, jicho haliumi sana ila linaona ukungu?

NesiMacho:
Hilo ndilo la kukimbiza. Huenda kimepenya hadi ndani, na tundu dogo halina maumivu makubwa. Msilioshe, msilikandamize, msitie dawa. Kata kitako cha kikombe cha karatasi, kiegemee mfupa wa nyusi na shavu bila kugusa jicho, bandika plasta. Asile wala asinywe, anaweza kupasuliwa. Akifika aseme alikuwa akigonga chuma kwa chuma, ili apigwe eksirei au CT (eksirei ya kompyuta). Asiingizwe kwenye MRI, mashine ya picha ya sumaku, kabla ya hapo: sumaku yake inakivuta kipande ndani ya jicho.